UZI: Skrini pepe kwenye miwani janja, kuanzia tundu la laptopu mpaka herufi zisomeke (Tanga)

mgosi_wa_kodi

Wagosi, salaam. Maswali ya hii miwani ya skrini yamekuwa mengi na majibu yanapotelea kwenye makundi ya WhatsApp. Tuyaweke hapa, mwenye la kuongeza aongeze, mwenye la kupinga apinge kwa sababu.

Nazungumzia Xreal, Viture, Rokid, RayNeo na ndugu zao: miwani unayoichomeka kwa waya wa USB-C ikakuonyesha skrini mbele ya macho. Ile ya kupigia picha na kusikilizia muziki ni kitu kingine, usije ukauziwa hiyo ukidhani ni hii.

Jambo la kwanza, ambalo matangazo hulipita juu juu: miwani hii ni monita moja tu. Ndani mna vioo viwili vidogo vya OLED, kimoja kwa kila jicho, na kwa modeli nyingi kila kimoja kina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiichomeka, kompyuta inaiona kama monita ya pili ya kawaida. Hizo "skrini tatu" za kwenye matangazo ni kazi ya programu. Programu inaiambia kompyuta kwamba kuna monita tatu ambazo kwa kweli hazipo, inachukua picha ya kila moja, inazipanga mbele yako kwa mzunguko, halafu inapeleka kwenye miwani kile kipande tu ambacho uso wako umeelekea. Mwelekeo wa kichwa unasomwa na vihisi vya mwendo vilivyo ndani ya fremu, na taarifa zake hurudi kwenye kompyuta kwa waya uleule. Ukishalielewa hili, nusu ya matatizo utayatatua mwenyewe.

Pikseli haziongezeki. Xreal Air ya kwanza inaonyesha upana wa nyuzi 46 kutoka kona hadi kona, Xreal One nyuzi 50, One Pro 57. Skrini pepe moja ikijaza eneo hilo unapata pikseli zote 1920. Ukizisogeza nyuma ili uzione mbili kwa pamoja, kila moja inabaki na pikseli 960 kwa upana au pungufu, na namba za Excel zinakuwa ukungu mtupu. Kwa hiyo acha kila skrini ijaze miwani, shingo ndiyo igeuke. Mbili zinatosha kwa kazi ya kweli. Ya tatu iwe ya kuwekea WhatsApp na barua pepe, kwa sababu utaitazama mara chache.

Na ile "inchi 130" ya kwenye boksi la Xreal Air imepimwa kwa umbali wa mita 4. Piga hesabu ya uwiano utaona ni sawa na monita ya inchi 27 ukiwa umekaa sentimita 80 na ushei. Ni saizi nzuri sana ya kufanyia kazi, ila si sinema ya ukutani.

Hatua kwa Windows, nitakwenda kwa mpangilio:

1. Kabla ya yote sasisha draiva ya kadi ya michoro, kisha programu ya ndani ya miwani. Kwa Xreal sasisho hufanyika kwenye tovuti yao kwa kutumia Chrome au Edge. Firefox na Safari hazitaiona miwani, usihangaike nazo. Kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), usianze sasisho siku ambayo umeme unakatika na kurudi. Likikatikia katikati miwani inaweza kugoma kuwaka.

2. Chomeka miwani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua la tatu kutoka juu, Extend. Usianze na programu yoyote. Hakikisha kwanza picha ya kawaida inatoka safi. Isipotoka hapa, hakuna programu itakayokusaidia. Soma atakayosema fundi hapo chini.

3. Ingia kwenye mipangilio ya Display, chagua miwani, weka 1920 kwa 1080, na Scale (ukubwa wa maandishi na vitu vya skrini) asilimia 125. Kwa 125 nafasi ya kazi inakuwa kama 1536 kwa 864, kwa 150 inakuwa 1280 kwa 720. Wengi hukimbilia 100 ili waone mambo mengi, halafu jioni wanalalamika macho. Kasi ya picha weka Hz 60. 120 inaongeza mzigo na kwa kuandika na kusoma huoni faida kubwa.

4. Sasa washa programu. Viture wana SpaceWalker, Xreal za zamani zina Nebula. Anza na skrini mbili. Kaa sawa, tazama mbele, bonyeza kitufe cha kurudisha skrini katikati.

5. Rudi tena kwenye Display. Kila skrini pepe ina Scale yake, na mpangilio wao wa kushoto na kulia uendane na unavyoziona, la sivyo kishale cha mausi kitatokea upande usiotarajia.

6. Mwisho kabisa, izime skrini ya laptopu kwa kuichagua kwenye Display na kuitenga. Ikibaki wazi, madirisha yatajificha huko na utabaki kuyatafuta. Picha ikiganda, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva ya michoro inaanza upya bila kufunga kazi zako.

Wenye Xreal One au One Pro wana njia fupi. Chipu ya kushikilia skrini ipo ndani ya miwani yenyewe. Kwenye menyu ya miwani washa hali ya skrini pana, kompyuta inaona monita moja ya 3840 kwa 1080, wala huhitaji programu ya mtengenezaji. Weka PowerToys (programu ya Microsoft), fungua FancyZones, sehemu yake ya kugawa skrini, igawe katikati: vipande viwili vya 1920. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye usumbufu mdogo kuliko zote.

fundi_barabara_ya_nane

Mgosi kaanza vizuri ila kapita haraka kwenye tundu, na huko ndiko watu wanakoumia.

Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Linalotoa lina kitu kinaitwa DisplayPort Alt Mode. Tazama alama pembeni ya tundu: herufi D iliyounganishwa na P, au mshale wa radi wa Thunderbolt. Alama ya USB peke yake, au ya betri, haikuahidi chochote. Kuna laptopu zenye uwezo huo bila alama, kwa hiyo tafuta jina kamili la modeli na usome orodha ya sifa za mtengenezaji. Usiishie kwa maneno ya muuzaji.

Kwa zile mtumba zinazozunguka hapa mjini: ThinkPad T480 ina matundu mawili ya USB-C na yote yanatoa picha, hivyo moja la chaji, moja la miwani, umemaliza. T460 haina USB-C kabisa, usidanganywe. Angalizo juu ya T480 na wenzake wa 2017 hadi 2019: programu ya ndani ya Thunderbolt ya mwanzo ina kasoro inayoweza kuliharibu tundu polepole. Lenovo walishatoa sasisho. Ukinunua mtumba jaribu matundu yote mawili, kisha weka sasisho hilo siku hiyohiyo.

Namna ya kujaribu dukani bila miwani: nenda na adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI na uichomeke kwenye TV ya dukani. Picha ikitoka, miwani nayo itafanya kazi. Hakikisha tu adapta si ya DisplayLink, maana ile hutumia draiva na hutoa picha hata kwenye tundu lisilo na Alt Mode. Ikikudai usakinishe kitu kwanza, ndiyo yenyewe, jaribio halihesabiki.

Waya. Tumia uliokuja na miwani. Waya mwingi wa chaji una nyaya za umeme na USB 2.0 tu ndani. Dalili yake ni hii: miwani inatokea kwenye orodha ya spika, sauti inatoka, lakini picha hakuna. Kwa modeli nyingi sauti na vihisi vinaweza kupita kwenye USB ya kawaida, picha inahitaji jozi nyingine za nyaya ambazo huo waya hauna. Mtu anahangaika na draiva siku nzima kumbe tatizo ni waya wa buku tano.

Laptopu yenye tundu moja tu: hub nyingi (vile vigawa matundu) zina tundu la USB-C lililoandikwa PD. Hilo linaingiza chaji, halitoi picha. Tafuta hub iliyoandikwa wazi kwamba USB-C yake inatoa picha, au kiunganishi maalumu cha miwani chenye matundu mawili, la chaji na la miwani.

bi_mahesabu

Asanteni kaka zangu. Na sisi wa kompyuta za mezani ofisini? Kadi ya michoro ina HDMI na DisplayPort tu. Dukani nimeonyeshwa waya wa "Type-C to HDMI" nikaambiwa utafaa. Pili, ushungi: mikono ya miwani ikae juu au chini ya kitambaa?

fundi_barabara_ya_nane

Dada, huo waya usichukue. Unabadilisha picha kuelekea upande mmoja tu, kutoka USB-C kwenda HDMI. Wewe unataka kinyume chake: HDMI inaingia, USB-C inatoka kwenda kwenye miwani. Hicho ni kifaa chenye chipu ndani, na lazima kiwe na mkia wa USB wa kuchukulia umeme, kwa sababu HDMI haiwezi kuilisha miwani. Kisome kwenye boksi: HDMI "in", Type-C "out". Kikikosa mkia wa umeme kirudishe.

Halafu kuna mtego ndani yake. Adapta nyingi za HDMI hupeleka picha na sauti tu. Taarifa za vihisi hazirudi kwenye kompyuta, kwa hiyo SpaceWalker, Nebula na wenzao hawataona kichwa kikigeuka. Utapata monita moja kubwa inayokufuata kila uendako, basi. Ukitaka skrini itulie mahali pamoja kwa njia ya HDMI, chukua miwani yenye chipu yake, kama Xreal One, kwani yenyewe haihitaji kuiuliza kompyuta.

Ushungi namwachia mwenye ujuzi.

mwanahawa_raskazone

Mikono ipite chini ya kitambaa, juu ya sikio, na waya utokee nyuma ya sikio ushuke mgongoni chini ya mtandio. Ikipita juu ya kitambaa miwani inateleza mbele milimita mbili tatu na ukingo wa chini wa picha unakatika. Ila spika zake ziko wazi pembeni mwa mikono, zikifunikwa sauti inafifia. Tumia vipokea sauti vya Bluetooth, na kwenye Windows chagua wewe mwenyewe sauti itokee wapi, maana miwani ikichomekwa huwa inaivuta sauti kwake.

Nimeona hakuna aliyegusa mwanga, na Tanga jua letu si la mchezo. Kwenye miwani hii rangi nyeusi ni uwazi: palipo peusi kwenye picha, unaona kilicho mbele yako. Ukikaa barazani ukatazama baharini, mandhari nyeusi ya programu itajaa mawimbi. Geukia ukuta wenye rangi iliyoiva, dirisha likae ubavuni. Kukitokea mwanga mkali juu ya kichwa au nyuma yako nao unaingia kwa nyuma ya kioo. Kile kifuniko cheusi cha mbele kisikae kwenye boksi. Kama modeli yako inatia giza yenyewe kwa kitufe, weka giza la juu kabisa.

Kingine, mavazi. Kioo chake kimelala kwa mshazari na huakisi kilicho chini yake, yaani kifua na mikono yako. Ijumaa mtu kavaa kanzu nyeupe, kakaa karibu na dirisha, anaona weupe umetanda nusu ya chini ya skrini, anadhani miwani imeharibika. Tandaza kitambaa cheusi kifuani na mapajani, weupe unaondoka papo hapo. Kibodi nyeusi nayo inasaidia kuliko nyeupe.

Jasho na chumvi: ukimaliza kazi chomoa waya, futa sehemu yake ya puani na ncha ya plagi kwa kitambaa kikavu, rudisha kwenye kasha na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Plagi ikiachwa wazi karibu na bahari inaota kutu, na tundu lililolegea ndilo linaloleta picha ya kuwaka na kuzima. Na usiiache juani ikiwa imefunguliwa, iwe mezani au ndani ya gari. Lenzi hukusanya jua na kuunguza vioo vya ndani.

linux_chumbageni

Kwa Linux: picha ya kawaida haihitaji chochote. Andika `xrandr` uone imekuja kwa jina gani, kisha kwa mfano `xrandr --output DP-1 --mode 1920x1080 --rate 60`. Hiyo ni kwa X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha skrini kwenye Linux. Kwa Wayland, ule mpya, tumia mipangilio ya GNOME au KDE, yaani mazingira ya dawati unayotumia.

Kwa skrini pepe kuna Breezy Desktop, inayotegemea XRLinuxDriver kusoma vihisi. Inazifahamu Xreal, Viture na Rokid. Ukishasakinisha, toka kwenye akaunti yako uingie tena, na chomoa miwani uichomeke upya ili ruhusa mpya za kifaa zianze kufanya kazi. Anayeruka hili ndiye anayekuja kusema "programu imewaka ila skrini haigandi mahali". Kuongeza monita pepe tumia Wayland.

Skrini ikianza kuteleza yenyewe kuelekea upande mmoja ukiwa umetulia, hilo ni la vihisi na hutokea kwenye mfumo wowote. Laza miwani mezani bila kuigusa, zindua usawazishaji, subiri umalizike ndipo uvae. Meza iwe ya mbao, si ya chuma, na isiwe karibu na spika, kwa sababu baadhi ya modeli hutumia dira ya sumaku. Miwani ikipata joto vihisi hubadilika kidogo, kwa hiyo usisawazishe ikiwa imetoka tu kwenye kasha. Iache iwake dakika kadhaa kwanza. Kichwa kikigeuka na skrini ikachelewa kufuata, hilo ni tatizo jingine: kadi ya michoro imezidiwa. Punguza skrini, shusha Hz, chomeka chaji.

Nikipingana na mgosi kidogo: Scale 125 si lazima kwa kila kazi. Kwa kuandika kodi za programu (code) mimi naacha 100 na kuongeza herufi za kihariri hadi 16. Menyu zinabaki ndogo lakini mistari mingi zaidi inaingia.

mgosi_wa_kodi

Sawa, kwa wanaoandika kodi nakubali. Kwa bi_mahesabu na Excel yake, 125.

Nimeulizwa faragha kuhusu Mac: Nebula au SpaceWalker lazima ipewe ruhusa ya kurekodi skrini, kwenye Privacy & Security, kisha uifunge na kuifungua. Bila ruhusa hiyo skrini pepe zinatokea tupu. Kwa sababu programu inachukua picha za skrini, video za Netflix na kadhalika zitakuwa nyeusi. Ni kinga ya hakimiliki, si ubovu. Ukitaka filamu, zima programu na utumie miwani kama monita ya kawaida.

duka_la_macho_ngamiani

Kwa wenye miwani ya namba. Rokid Max ina magurudumu ya kurekebisha 0 hadi −6.00 kwa kila jicho, Viture Pro 0 hadi −5.00. Hayo ni kwa wasioona mbali peke yao. Kama cheti chako kina namba kwenye CYL (astigmatism), gurudumu halitoshi, utahitaji lenzi za kupachika. Xreal hazina magurudumu, hizo ni za kupachika moja kwa moja: leta fremu ndogo iliyokuja kwenye boksi, lenzi zinakatwa kufuata umbo lake.

Mwambie mkata lenzi atumie namba ya kuonea mbali. Picha ndani ya miwani inakaa umbali wa mita kadhaa, ingawa kioo kipo sentimita chache kutoka jichoni. Ukiweka namba ya kusomea kila kitu kitakuwa ukungu. Mtu wa miaka 50 anayetumia miwani ya kusomea tu huenda asihitaji lenzi yoyote humu, isipokuwa kibodi hataiona vizuri. Apime pia PD (umbali kati ya mboni, si ile PD ya chaji), kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua.

Kona zikiwa na ukungu na katikati ni safi, badilisha kwanza kile kiegemeo cha puani. Huja saizi zaidi ya moja. Mboni ikikaa juu au chini ya katikati ya kioo, kona moja lazima ipotee. One Pro inauzwa kwa saizi mbili za umbali wa macho, hiyo pima PD kabla ya kununua.

kijana_makorora

Wakuu, mimi yangu picha imegawanyika mbili, kila jicho linaona nusu tofauti ya skrini. Na je, king'amuzi kinaweza kuingia humo?

fundi_barabara_ya_nane

Mdogo wangu, hiyo imeingia hali ya 3D, kompyuta inapeleka 3840 kwa 1080. Kwenye Xreal Air shikilia kitufe cha kuongeza mwangaza sekunde kama mbili, itarudi. Nyingine tazama kitabu chake.

King'amuzi ndiyo, kwa ileile adapta niliyomwelekeza dada, ila iwe inakubali HDCP (kinga ya hakimiliki kwenye HDMI). Isipokubali, utaona nyeusi au ujumbe wa kosa badala ya chaneli. Na mkia wake wa umeme uchomeke kwenye chaja ya simu. Tundu la USB 2.0 nyuma ya king'amuzi limehesabiwa kutoa mA 500, yaani wati 2.5, na hapo unalisha adapta na miwani kwa pamoja. Ukiongeza mwangaza, inazima.